Nani Anakaa na Mgonjwa?

Hotuba kwa wauguzi, matabibu na wanasihi, Moshi

Mgeni rasmi, madaktari, wauguzi wenzangu, matabibu, wanasihi, maofisa ustawi wa jamii, na viongozi wetu wa dini mliokaa nasi tangu asubuhi: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu poleni na kazi. Itifaki imezingatiwa, naomba niingie kwenye mada.

Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi wenu mmelisikia kwa mbali: tiba ya afya ya akili inayotumia dawa za kubadili fahamu, zile ambazo wataalamu wanaziita saikedeliki. Kuna psilosaibini inayotoka kwenye uyoga, kuna LSD na MDMA zinazotengenezwa maabara, na kuna moja ambayo sisi tunaijua kwa mikono yetu, ketamini. Waandaaji walitaka nieleze kama dawa hizi zinaponya au haziponyi. Nitaligusa hilo. Lakini nimekuja na swali jingine, na ndilo linaloninyima usingizi: mgonjwa akishapewa dawa ya namna hii, akalala pale kitandani saa sita au nane huku fahamu zake haziko mahali pake, nani anakaa naye? Anakaa kwa leseni ipi? Likitokea jambo, baraza gani litamwita?

Mimi ni muuguzi wa usingizi. Karibu maisha yangu yote ya kazi yamekwisha katika thieta za mkoa huu na wa jirani, na ketamini ndiyo dawa iliyonibeba kuliko nyingine yoyote. Mnajua sababu. Haidai mashine kubwa, haizimi pumzi ya mgonjwa kwa urahisi, haiporomoshi shinikizo la damu, na umeme ukikatika katikati ya upasuaji kazi inaendelea. Kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu barabara ya Himo, mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto, mama ambaye mtoto lazima atoke sasa hivi na daktari wa usingizi yuko mbali: wote hao tumewavusha kwa ketamini. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, ikaruhusiwa kutumika kwa binadamu huko mwaka 1970, na leo ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Aliyefanya kazi thieta anaujua pia upande wake wa pili. Mgonjwa anapozinduka, fahamu zinarudi vipande vipande. Mwingine analia, mwingine anapiga kelele, mwingine anasema amekaa na mama yake aliyefariki zamani. Tulifundishwa kumweka mahali patulivu, kupunguza mwanga, kusema naye kwa sauti ya chini, na ikibidi kumpa diazepamu kidogo ya kumtuliza. Kwetu ilikuwa karaha ya kupita, inaandikwa kwenye faili na maisha yanaendelea. Kisha mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakachapisha habari za wagonjwa wachache wa sonona waliopewa dawa hiyo hiyo kwa dozi ndogo, miligramu 0.5 kwa kila kilo ya mwili, ikipita kwenye mshipa kwa dakika 40. Walipata nafuu ndani ya siku tatu. Kwa ugonjwa ambao vidonge vyake vya kawaida huchukua wiki kadhaa kuanza kazi, hiyo haikuwa habari ndogo. Mwaka 2019 Marekani ikaruhusu esketamini ya kupuliza puani kwa sonona iliyoshindikana kwa dawa nyingine, lakini ikaweka masharti: itolewe kwenye kituo kilichoidhinishwa tu, mgonjwa aangaliwe kwa angalau saa 2, na asiendeshe gari mpaka kesho yake.

Ndiyo maana nasema mada hii haiko ng'ambo. Chupa ziko kwenye makabati yetu. Ketamini imesajiliwa kwa usingizi, na kuitumia kwa sonona ni kuitumia nje ya usajili wake, jambo ambalo kwa desturi huachiwa busara ya daktari. Busara ni kitu kizuri. Lakini mwenye kliniki binafsi, awe Arusha au hapa mjini, anaweza kusoma makala leo usiku na kesho asubuhi akaandika bango. Muuguzi aliyeajiriwa pale ataambiwa kaa na huyu, mimi nina wagonjwa wengine nje. Na muuguzi huyo hana mstari hata mmoja wa mwongozo wa kusimamia.

Oktoba 2023 mwigizaji Matthew Perry alikutwa amefariki nyumbani kwake Los Angeles, na uchunguzi ukataja athari za ketamini kuwa sababu kuu ya kifo. Alikuwa akipata dawa hiyo kihalali kwa ajili ya sonona na wasiwasi, kisha akaanza kupata nyingine kwa njia za panya. Madaktari wawili wamekiri makosa mahakamani. Katika habari ile yote, iliyonichoma ni moja ambayo magazeti yaliipita haraka: aliyekuwa akimchoma sindano ni msaidizi wake wa nyumbani, mtu asiye na mafunzo yoyote ya tiba. Dawa ilijulikana, na kifo kikaingia kupitia kwa mtu aliyekuwa chumbani.

Sasa nigeukie upande mwingine, maana sitaki mdhani nimekuja kuomba kufuli zaidi. Machi 2015, kwenye kikao cha Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya kule Vienna, China ilipendekeza ketamini iwekwe chini ya Mkataba wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa zinazoathiri akili. Walikuwa na sababu yao, vijana wao walikuwa wanaitumia vibaya. Lakini wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikuwa wameichunguza dawa hii zaidi ya mara moja na kila mara walipinga, kwa hoja kwamba udhibiti wa namna hiyo ungeziacha hospitali za nchi maskini bila dawa ya usingizi. Uamuzi ukaahirishwa. Ninyi mnaofanya kazi Same, Rombo, Longido na Karatu, fikirini upasuaji wenu ungekuwaje. Tumeliona hilo kwenye mofini: mgonjwa wa saratani anaugulia wodini, na mhudumu anaogopa karatasi za kuitoa dawa kuliko anavyoogopa maumivu ya mgonjwa. Kanuni iliyoandikwa na mtu asiyewahi kushika zamu ya usiku humwadhibu mwaminifu, na mwizi wala haimgusi.

Hizo dawa nyingine, yaani psilosaibini, LSD na meskalini, ziko kwenye Jedwali la Kwanza, lenye masharti makali kuliko yote, la mkataba huo wa 1971, na MDMA iliongezwa mwaka 1986. Kifungu cha 7 kinaruhusu matumizi ya kisayansi, na ya tiba kwa kiwango kidogo sana, yafanywe na watu walioidhinishwa katika taasisi zilizo chini ya serikali au zilizokubaliwa nayo. Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo, na sheria yetu ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya ina adhabu zinazofika kifungo cha maisha. Nataka hili lieleweke kabla hatujaendelea, asije akatoka mtu humu na tafsiri yake. Mkoa wetu unapokea wageni wengi, na wengine huja na mafungo yao ya kutafuta utulivu wa nafsi. Akikujia mtu akakuomba uje tu ukae pembeni na kipima presha wakati wenzake wanakunywa chai ya uyoga, akakuambia ni mmea wa asili hauna neno, ukikubali umeiweka rehani leseni yako na uhuru wako. Mgeni atapanda ndege. Wewe utabaki.

Uhitaji wenyewe, hata hivyo, upo, na ni mkubwa. Arusha ilikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda mpaka ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Miaka yote ile walipita pale mashahidi waliosimulia mbele ya majaji mambo ambayo binadamu hapaswi kuyaona, na wakalimani waliolazimika kuyasema kwa midomo yao, kwa nafsi ya kwanza, siku baada ya siku. Wengine wamo humu nchini bado. Na si lazima kwenda Rwanda. Mama aliyebakwa Njoro, askari wa zimamoto, kijana aliyenusurika kwenye ajali ya basi ambayo ndugu zake wote walikufa: hao wanakuja kwetu, tunawapa vidonge, wengine wanapona na wengine hawaponi. Kwa hiyo ninaposikia kuna tiba inayoweza kumfungua mtu aliyejifunga miaka kumi, nasimama nisikilize.

Na majaribio yamesema nini? Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya MDMA kwa watu wenye kiwewe kikali. Kati ya waliopata dawa pamoja na tiba ya mazungumzo, asilimia 67 hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa. Kwa waliopata mazungumzo hayo hayo na dawa bandia, isiyo na kitu ndani, ilikuwa asilimia 32. Jaribio la pili, mwaka 2023, likaleta asilimia 71 kwa 48. Kila mtu anaitazama namba kubwa. Mimi naomba mwitazame ile 48. Hawa hawakupata dawa. Walipata wahudumu wawili waliokaa nao kwenye vikao 3 vya saa 8 kila kimoja, vikao 3 vya kujiandaa, na vikao 9 vya kuyachambua yaliyojitokeza, na karibu nusu yao wakatoka kwenye ugonjwa. Mtu anayekaa na mgonjwa ni sehemu ya dawa. Kama ni sehemu ya dawa, basi naye ana dozi yake, ana madhara yake, na anahitaji kuchunguzwa ubora kama tunavyochunguza kilicho ndani ya chupa.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Juni 2024 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, lilipiga kura 10 kwa 1 kwamba faida za tiba ile hazijaonyeshwa kuzidi hatari zake, na Agosti mamlaka ikaikatalia kampuni ya Lykos, iliyoomba idhini ya tiba hiyo, na kutaka jaribio jingine. Hoja zilikuwa nyingi. Washiriki wengi walitambua kama wamepewa dawa halisi au bandia, na kumbukumbu za baadhi ya madhara hazikuwa kamili. Lakini chini yake kulikuwa na tatizo ambalo halitatuliwi kwa jaribio jingine: FDA inasimamia dawa, haisimamii mazungumzo. Inaweza kukuambia miligramu ngapi. Haina mamlaka ya kukuambia muuguzi asogee umbali gani na kitanda. Nasi tumekaa vivyo hivyo. TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, inaangalia dawa. Baraza la Madaktari Tanganyika linamwangalia daktari, Baraza la Uuguzi na Ukunga linaniangalia mimi, na waganga wa tiba asili wana baraza lao kwa sheria ya mwaka 2002. Tiba ambayo ni dawa na mtu kwa pamoja, imefungwa kwenye fungu moja, inaanguka katikati ya ofisi hizi.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo la kugusa, na naomba mnivumilie maana halisemwi hadharani. Katika kikao kimoja cha majaribio ya awali ya MDMA nchini Kanada, mwaka 2015, kamera iliyowekwa kwa ajili ya utafiti ilirekodi wahudumu wawili, mume na mke, wakimkumbatia na kumbana kitandani mshiriki mwanamke huku yeye akihangaika. Video hiyo ilikuja kuonekana na dunia nzima. Mwanamke yule alikwenda pale kutibiwa kiwewe cha kubakwa. Baadaye, mwanaume yule aliingia naye katika uhusiano wa kingono. Na mwanaume huyo wakati ule hakuwa na leseni ya tiba. Asiye na leseni hana cha kunyang'anywa. Baraza lipo, adhabu zipo, lakini baraza halina pa kumshika. Agosti 2024 jarida moja la kisayansi liliondoa makala tatu zilizotumia takwimu za majaribio ya aina hiyo, kwa sababu ya mwenendo uliokiuka maadili katika kituo kile.

Dawa hizi humlegeza mtu. Humfanya aamini upesi, amwone aliye mbele yake kama mzazi au malaika, na MDMA humfanya atamani kushikwa. Kwa hiyo ridhaa inayotolewa mle ndani, dawa ikiwa imeshapanda, si ridhaa. Mgonjwa akisema nishike mkono, unaweza kumshika ikiwa mlikubaliana kabla kwa maandishi. Akisema nilaze kifuani, jibu ni hapana, hata kama analia, hata kama moyo wako unakuambia utamsaidia. Wanasihi mnajua ninachosema. Makosa mengi ya aina hii huanza na huruma.

Watu wanaoijua hali hii vizuri kuliko sisi wa hospitali wako hapa hapa Moshi: waongozaji wa mlimani. Hairuhusiwi kupanda Kilimanjaro bila mwongozaji mwenye leseni. Mgeni akifika kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, kichwa kinamuuma, anapepesuka, maneno yanamgongana, ukimuuliza anasema yuko sawa, twende kileleni. Amelipa fedha nyingi na anadai haki yake. Lakini ubongo uliokosa oksijeni hauwezi kujipima, na mwongozaji mzuri habishani naye pale juu usiku. Mabishano aliyamaliza getini Machame siku ya kwanza: nikisema tunashuka, tunashuka. Mgeni alikubali akiwa na akili zake timamu. Na mwongozaji anao wasaidizi, hayuko peke yake na yule mtu gizani, na analindwa na kanuni akimshusha mteja anayelalamika. Ulinzi huo ni wa wote wawili. Mhudumu wa tiba hii anahitaji vitu vivyo hivyo, na asipopewa atakuwa kati ya mawili, ama aogope kila kitu au afanye lolote.

Nchi nyingine zimejaribu, na kila moja imemgeuza mhudumu kwa namna yake. Wananchi wa jimbo la Oregon walipiga kura Novemba 2020 kuruhusu psilosaibini kwa usimamizi, na huduma zikaanza 2023. Anayekaa na mteja anaitwa mwezeshaji. Awe na miaka 21, awe amemaliza sekondari, asome saa 120 na kufanya mazoezi ya vitendo, afaulu mtihani, alipe ada ya dola 2,000 kila mwaka. Kugusa kumeandikwa kwenye kanuni zao, na hilo nawasifu. Lakini si lazima awe mtu wa tiba, na aliye mtu wa tiba, kanuni za mwanzo zilimtaka aiache taaluma yake mlangoni: akiwa mwezeshaji asitambue ugonjwa, asitibu. Huku sheria ya nchi nzima ikiendelea kuuita uyoga ule haramu. Mwekeni muuguzi wa akili ndani ya chumba hicho. Anaona mteja anaanza kupagawa kwa namna anayoijua kutoka wodini. Uzoefu wake wote unamwambia jambo, na leseni aliyovaa siku hiyo inamwambia wewe leo si muuguzi. Kisha nyumbani analala akiwaza kama baraza lake la uuguzi litamwona mvunja sheria. Mimi siwezi kuiita hiyo kanuni nzuri kwa mhudumu, na sidhani ni nzuri kwa mgonjwa. Colorado, waliopiga kura Novemba 2022, waliweka daraja la pili la leseni, la mwezeshaji ambaye ni mtaalamu wa tiba na anaruhusiwa kutumia utaalamu wake.

Australia ilikwenda upande wa pili kabisa. Tangu tarehe 1 Julai 2023, daktari bingwa wa afya ya akili aliyeidhinishwa anaweza kuandika MDMA kwa kiwewe na psilosaibini kwa sonona sugu. Daktari bingwa tu. Kwanza mpango wake wa tiba upite kamati ya maadili, kisha mamlaka ya dawa impe idhini kwa jina lake. Ni safi, ni rahisi kuifuatilia, jina la mwenye dhamana linajulikana. Lakini gharama kwa mgonjwa mmoja zimefika makumi ya maelfu ya dola, na waliokidhi masharti ni wachache. Tukiileta hapa kama ilivyo, hesabuni wenyewe madaktari bingwa wa akili kati ya Moshi na Arusha. Kazi yote itafanywa na wauguzi na wanasihi kama inavyofanywa leo, ila jina kwenye karatasi litakuwa la mtu aliye Dodoma au Dar es Salaam.

Kuna kundi jingine linalosahaulika: waliofanya tiba hii kwa siri tangu sheria zilipokaza miaka ya 1970. Wengi walikuwa wataalamu wazuri. Lakini anayefanya kwa siri haandiki faili, hana mwenzake wa kumuuliza, na mgonjwa akizimia anasita kuita gari la wagonjwa kwa kuogopa polisi. Na kusikiliza mateso ya mtu saa nane mfululizo kunaacha kitu ndani ya msikilizaji. Nani anamsikiliza huyo?

Msiniambie bado ni mapema. Mwaka 2011 marehemu Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mitishamba pale Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, na magari yakapanga foleni ya kilomita na kilomita. Simsemi kwa ubaya. Alikuwa na imani yake na waliokwenda walikuwa na shida zao. Ninatusema sisi. Wagonjwa walirudi kliniki wameacha dawa za VVU, wameacha za sukari, na muuguzi wa zamu hakuwa na mwongozo wa kusema nao bila kuwatukana wala kuwadanganya. Kila mmoja alisema lake. Jambo lilitufikia kabla ya maneno yake. Kinyume chake tazameni methadoni. Ilipoanza Muhimbili Februari 2011 kwa walioathirika na heroini, ilikuja na utaratibu wake: nani anaidhinisha, nani anapima, mgonjwa anakunywa mbele ya mhudumu, na inaandikwa. Dawa ya kundi linaloogopwa sana, na wahudumu wanaitoa kila asubuhi bila hofu ya pingu, kwa sababu wanajua mpaka wa kazi yao uko wapi.

Ninachoomba ni hiki. Tuanze na ketamini, maana hiyo iko mikononi. Isitolewe kwa sonona na mtu mmoja peke yake chumbani, kamwe. Wawepo wawili, na mmoja wao awe anayeweza kufungua njia ya hewa na kumsaidia mtu kupumua. Mgonjwa mwanamke asiachwe na wanaume peke yao. Ridhaa ichukuliwe siku nyingine kabla, kwa Kiswahili, au kwa Kichaga au Kimaasai pale inapobidi, na mipaka ya kugusa iandikwe na isipanuliwe mle ndani hata mgonjwa akiomba. Jina la mwenye dhamana liwe la mtu aliyepo kwenye jengo. Mhudumu akitoa taarifa ya kosa la mwenzake au la tajiri yake, leseni yake ilindwe mpaka uchunguzi uishe. Na mnasihi asiye na baraza lolote juu yake asikae kwenye chumba hiki, hata awe hodari namna gani, mpaka apatikane wa kumwajibisha. Najua hilo litawaumiza baadhi yenu humu. Nimelifikiria sana na bado nalisema.

Kuhusu psilosaibini na MDMA, sioni haraka. Utafiti ufanyike, na ikiwezekana ufanyike hapa, na watu wetu, kwa idhini kamili ya serikali, tusingoje kuletewa majibu yaliyopimwa kwa watu wa Boston. Lakini kliniki hapana, kwa sasa.

Rasimu ya mwongozo wa ketamini iko pale mezani kwa katibu, kurasa 4, imepigwa chapa. Sehemu ya dawa na vifaa tumeimaliza na wenzangu wa usingizi. Kifungu cha kugusa mgonjwa tumekiacha wazi makusudi, tunataka kiandikwe na wanasihi na wauguzi wa wodi za akili, kwa maneno mtakayoweza kuyasema mbele ya mgonjwa na mbele ya hakimu. Chukueni chai, kisha tukutane kwenye meza zile mbili za nyuma, tuanze na hicho.